Hatch iliyogoma kukutana: nilichokiona kwenye kiwanja cha zahanati, Nachingwea ya zamani

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa shikamooni, vijana marahaba.

Leo nataka kuwasimulia jambo moja ambalo nimekaa nalo miaka mingi. Nililoliona nitasema nililiona. Pale nisipojua sababu nitasema sijui, sitatunga.

Kilichonisukuma ni uzi wa juzi humu humu. Kijana mmoja aliweka picha ya mchoro wake, analalamika hatch, yaani mistari au alama za kujazia eneo kwenye mchoro, haikai sawa. Matofali ya upande wa kushoto na ya kulia hayakutani, katikati kunabaki kipande cha ajabu.

Wadau mlimsaidia vizuri. Weka origin, yaani mahali hatch inapoanzia, kwenye kona, linganisha angle, angalia scale, usijaze vipande viwili wakati ukuta ni mmoja. Safi kabisa.

Ila mmoja akamwambia: "Ilazimishe tu mkuu, nani atakaa ahesabu mistari?"

Nikaiweka simu chini.

Maana hayo maneno niliwahi kujiambia mwenyewe, karibu kama yalivyo, nikiwa na umri kama wa huyo kijana.

Twende taratibu.

Mimi ni mtu wa Singida. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilimaliza mafunzo ya uchoraji ramani, nikapangiwa kazi Nachingwea. Nilikuwa sijawahi kufika kusini. Nilishuka kwenye lori la korosho nikiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele mpaka soksi.

Enzi hizo Ruangwa haijawa wilaya bado. Kazi za huko nyingi zilikuwa zinapitia mezani kwetu.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye bati juu na dirisha kubwa. Mpima wetu, ambaye ndiye alikuwa bosi wangu, nitamwita Bwana Mushi. Mtu wa Kilimanjaro, mkali, msafi, shati jeupe kila siku hata sabuni ilipokuwa haionekani madukani. Mwingine alikuwa Saidi, mshika mnyororo wa kupimia. Mtu mzima, mwenyeji wa Chunyu, Mmwera, mpole, anaijua kila njia ya miguu.

Sasa kwa vijana ambao mmekuta kompyuta: hatch tulikuwa tunachora kwa mkono.

Unatandika karatasi laini inayopitisha mwanga, unabana kona nne. Rula ya T upande mmoja, pembetatu yako juu yake, kalamu ya wino mkononi. Unachora mstari wa mshazari, unasogeza pembetatu milimita tatu, unachora mwingine, unasogeza. Mamia ya mistari. Jasho likidondoka umeharibu kazi ya siku nzima. Mimi nilikuwa nafunga leso kwenye kipaji cha uso kama mtu anayeumwa kichwa.

Na kila aina ya mistari ilikuwa na maana yake. Ya wima, mikorosho. Ya kulala, makazi. Ya mshazari, eneo la huduma, yaani shule, zahanati, kisima.

Haya. Ikaja kazi ya kijiji kimoja cha upande wa Ruangwa. Jina naliacha, maana wajukuu wa wahusika wapo. Ni kijiji kilichoundwa wakati watu walipohamishwa kutoka mashambani kwao kuja kukaa pamoja barabarani. Walikuwa wanataka zahanati, na kamati ya kijiji ilishachagua kiwanja pembeni ya kijiji, sehemu iliyokuwa mahame, yaani palipokuwa na watu zamani wakaondoka.

Bwana Mushi na Saidi walikwenda kupima. Nusu ya mashariki walipima siku ya kwanza wakianzia barabarani. Nusu ya magharibi siku ya pili, wakianzia bondeni. Wakaniletea daftari, mimi nikachora kwenye karatasi mbili zinazoungana katikati ya kiwanja.

Mipaka ikakaa vizuri. Mstari wa juu umenyooka, wa chini umenyooka.

Nikaanza hatch. Karatasi ya kwanza nilianzia kigingi cha mashariki, ya pili nikaanzia kigingi cha magharibi. Kwa hesabu za daftari, mistari ilitakiwa ikutane katikati kama vidole vya mikono miwili.

Haikukutana.

Ilipishana nusu. Mstari wa huku ulikuwa unaangukia katikati ya nafasi ya kule, kila mmoja, kuanzia juu mpaka chini.

Nikadhani pembetatu imeteleza. Nikakwangua kwa wembe, nikarudia. Nusu. Nikachukua karatasi mpya, na karatasi zilikuwa shida kweli kweli. Safari hii nikaanzia magharibi, nikaja mashariki. Nusu vilevile.

Hapa nieleze kidogo, maana ndipo penye kiini. Mpaka ni mstari ulionyooka. Hata kama kipimo chako kina kosa kwa urefu, mpaka utauona umenyooka tu, haukwambii kitu. Hatch ndiyo inayosema, maana mistari yake ina nafasi sawa, na urefu ukikosewa haikutani. Kwa hiyo ile nusu haikuwa uzembe wa mkono wangu. Ilikuwa inaniambia kwamba ardhini, katikati ya kile kiwanja, kuna hatua kama mbili ambazo daftari linazo na ardhi haina.

Mchoraji mwenye akili angesimama pale. Angemsubiri bosi.

Bwana Mushi alikuwa kasafiri kwenda Lindi, na kazi ilikuwa inadaiwa. Nikawaza, nani atahesabu mistari?

Nikaigawa ile nusu. Mistari kumi na mbili ya katikati niliipunguza nafasi kidogo kidogo, kwa jicho tu, mpaka ikakutana. Kazi nzuri sana. Ukiangalia huoni kitu. Nikatoa nakala, ikaenda kijijini.

Nakiri hapa mbele yenu: nililala vizuri kabisa.

Wiki kama tatu zikapita. Ikaja barua ya mwenyekiti wa kijiji, mwandiko mzuri wa mwalimu. Alisema wananchi wameshafyeka na kuchoma kiwanja, fundi amefunga kamba za msingi, lakini amesimama. Kwa maneno yake, ramani na ardhi havikubaliani. Na akaongeza sentensi moja chini: fundi anaomba wapimaji waje wenyewe, yeye hapendi kuendelea kukaa pale.

Bwana Mushi aliisoma mara mbili. Akaniita.

"Hatch ya pale katikati ilikutana?"

"Ilikutana, mzee."

"Una uhakika?"

"Ndiyo, mzee."

Akaniangalia, akakunja barua. "Kesho asubuhi tunakwenda. Na wewe unakuja."

Njiani Saidi alikaa nyuma na vifaa, mimi mbele na bosi. Land Rover ilikuwa inapiga kelele mpaka meno yanagongana. Tulipovuka daraja fulani nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia ukweli. Kwamba haikukutana, kwamba niliichora mara tatu, kwamba niliilazimisha.

Nilitegemea asimamishe gari anishushe.

Hakusimamisha. Alibadilisha gia, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Nusu mstari?"

"Nusu kamili, mzee."

"Saidi na mimi tulipima kwenda na kurudi. Kurudi ilizidi. Mimi nikaandika ile ya kwenda."

Kwa hiyo na yeye alikuwa na lake.

Tulifika jua likiwa limeshapanda. Kijiji kilikuwa kimetuma mjumbe wa kamati atuoneshe, mzee mmoja anaitwa Mzee Chinguile. Mwembamba, kofia ya kushonwa kwa mkono imefuliwa mpaka imekuwa ya njano. Alitusalimia kwa adabu, akatupeleka mpaka ukingo wa kiwanja, akasimama hapo.

"Mimi mguu unaniuma," alisema. "Ninyi piteni."

Kiwanja kilikuwa cheusi chote. Moto ulikuwa umepita vizuri, hakuna hata kisiki. Majivu laini, kama unga. Katikati hakukuwa na kitu chochote, narudia, hakukuwa na kitu. Ungeweza kusimama mashariki ukaona kigingi cha magharibi moja kwa moja.

Kitu kimoja nilikiona mapema, nikakipuuza. Kulikuwa kimya. Si kimya cha adhuhuri tu. Kule barabarani tulikuwa tunasikia njiwa na mtu anatwanga, lakini ukishaingia hatua kumi kwenye yale majivu, ile sauti ya kutwanga inakuwa kama imefunikwa na blanketi.

Tukaanza kazi. Bwana Mushi akachomeka fito zake nyekundu na nyeupe kwenye mstari, akasimama mashariki akichungulia. Saidi akashika kichwa cha mnyororo, akaanza kwenda magharibi. Kila akifika mwisho wa mnyororo anaangalia nyuma, bosi anampungia mkono kushoto, kulia, hapo hapo, anachoma sindano ya chuma ardhini, anaendelea.

Mimi nilikuwa nimekaa upande wa kusini juu ya sanduku, na daftari langu.

Wakuu, mimi nilikuwa namwona kutoka ubavuni.

Saidi alianza vizuri. Alipokaribia katikati akaanza kupinda. Taratibu, kama mtu anayezunguka meza. Akazunguka, akarudi kwenye mstari upande wa pili, akaendelea.

Nikapiga kelele. "Saidi! Mbona unapinda?"

Akasimama. Akaangalia nyuma, akaangalia mbele. "Nimenyooka, bwana."

"Umenyooka," akasema Bwana Mushi kutoka kule. "Mimi nakuona kwenye fito. Umenyooka kabisa."

"Mzee, kapinda. Njoo uone huku."

Bwana Mushi akakasirika kidogo. Akamwachia Saidi fito, akaja mwenyewe kutembea, mikono nyuma, macho kwenye kigingi cha magharibi. Mtu aliyepima nusu ya mkoa ule.

Akapinda. Mahali palepale.

Akafika upande wa pili, akageuka kunitazama kwa uso wa ushindi, kama anasema umeona? Nilinyoosha kidole tu kwenye majivu.

Nyayo zilikuwa pale.

Za Saidi, kandambili za tairi. Za bosi, viatu. Zote mbili zilikuwa zimechora upinde mmoja, kama umechorwa kwa bikari. Na tulipoangalia vizuri tukaona nyingine za zamani kidogo: za fundi, za watu wa kuchoma, miguu mitupu. Hata za mbuzi. Zote zikija kutoka mashariki zilikuwa zinapinda kusini. Kutoka magharibi, zinapinda kaskazini. Katikati ya hizo pinde mbili palibaki mahali kama ukubwa wa vyumba vinne vya nyumba, majivu yake hayana hata alama moja.

Hakuna mtu aliyekuwa amepakanyaga, na hakuna aliyejua kwamba hajapakanyaga.

Saidi alivua kofia. Bwana Mushi aliweka mkono kwenye shati lake jeupe hapa kifuani, akauacha hapo.

Nikasema nijaribu mimi. Ujana huo. Nikasimama mashariki, nikakaza macho kwenye kigingi, nikaenda. Naapa kwenu, nilitembea moja kwa moja. Sikuhisi mguu wangu hata mmoja ukienda pembeni. Jua lilikuwa utosini, kigingi kiko mbele yangu, sikukiacha kwa macho.

Nikageuka.

Nyayo zangu zilikuwa zimepinda juu ya zile nyingine.

Nilimwangalia Mzee Chinguile kule ukingoni. Alikuwa ameshachuchumaa, ameangalia chini. Nilidhani ni jua.

Sasa hapo ndipo alipotokea yule mama.

Alikuja kwa njia ya miguu ya upande wa Mnero. Mama wa makamo kuelekea uzee, mzigo kichwani, kanga mbili, miguu imejaa vumbi la safari. Alipotuona hakushangaa gari. Aliangalia vigingi, akaangalia kamba za fundi.

Akatua mzigo.

Halafu akaingia kwenye kiwanja. Alitembea polepole, na hakupinda. Aliingia moja kwa moja mpaka mle katikati, penye majivu yasiyo na alama, akasimama. Nyayo zake zilikuwa mstari mmoja ulionyooka kama nimechora mimi.

Saidi akasema kwa sauti ndogo, "Huyu ni mke wa Mzee Chinguile. Bi Somoe."

Bwana Mushi akamwita kutoka pale tulipo, "Mama, shikamoo. Hapo pana nini?"

Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Sehemu kubwa alisema Kimwera na Saidi akatufasiria. Lakini la kwanza alilisema mwenyewe.

"Hapa watoto wangu wamelala. Mnataka kujenga juu yao?"

Akatusimulia. Zamani, kabla watu hawajahamishwa, pale ilikuwa nyumba yao na ya shemeji zake. Mwaka mmoja surua iliingia. Watoto walikwenda mmoja mmoja, wa kwake na wa shemeji zake. Walizikwa nyuma ya nyumba kwa haraka, bila alama. Halafu ikaja amri ya kuhamia barabarani, nyumba ikaanguka, majani yakaota, watu waliokusanywa kutoka sehemu nyingine hawakujua.

"Ni wangapi, mama?" bosi akauliza.

Akainua vidole. Akawataja kwa majina, mmoja mmoja, bila kukosea, kama mwalimu anayeita orodha. Wanane.

"Na huyu mume wako yumo kwenye kamati," bosi akasema. "Kwa nini kiwanja kilipochaguliwa hakusema?"

Bi Somoe akageuka kumtazama mumewe. Na yeye alitaka kujua. Wakati kamati inakaa yeye alikuwa Mnero, na mwaka huo alikaa huko kwa jamaa zaidi ya miezi miwili.

Mzee Chinguile alivuta kofia yake ikamfunika macho.

Bwana Mushi akaamua vile mpima anavyoamua. Alisema bila ramani hakuna atakayemsikiliza huko juu. Makaburi lazima yapimwe, yachorwe, moja moja, ndipo kiwanja kihamishwe. Bi Somoe akakubali. Akatuambia tuvue viatu, tukavua. Akatutangulia.

Nyuma yake tuliingia. Sitawadanganya, majivu yalikuwa ya baridi. Adhuhuri ile, na yalikuwa ya baridi kama udongo wa ndani ya mtungi.

Tulikata matawi tukafagia. Chini ya majivu yakaonekana mabonde madogo, mafinyu, udongo umedidimia. Yote yamelala mashariki na magharibi, kama wanavyozika Waislamu wa huku, maana kibla kiko kaskazini. Mafupi. Wengine hapa ni wazazi, mnaelewa nikisema mafupi.

Bi Somoe alikuwa anasimama kwenye kila moja anasema jina, Saidi ananyoosha utepe, mimi naandika. La kwanza, la pili. Mpaka la nane. Nikafunga daftari.

Saidi akasema, "Bado moja, bwana."

Lilikuwa pembeni kidogo, upande wa kaskazini, dogo kuliko yote. Halikufika urefu wa mkono wangu.

"Hapana," Bi Somoe akasema. "Ni wanane."

Bosi akahesabu upya. Tisa.

"Labda shimo la panya," nikasema, ili tu niseme kitu.

"Panya halazi shimo kwa kibla," Saidi akajibu.

Bi Somoe akarudia, sasa kwa sauti ya juu, "Wanane! Mimi ndiye mama yao. Wa tisa yuko Mnero."

Hapo tukasikia mzee anakuja. Mguu haukuwa unamuuma. Alikuja kutoka ukingoni, akaingia, akapiga magoti kando ya lile bonde dogo, na akasema kitu kwa Kimwera. Saidi alichelewa kufasiri. Ilibidi bosi amguse bega.

"Anasema ni tisa," Saidi akasema. "Anasema huyu ni Zuhura."

Ikawa hivi. Surua ilipofika kwa mtoto wa mwisho, mchanga wa miezi michache, Bi Somoe mwenyewe alikuwa na homa kali hajitambui. Mzee na ndugu yake waliwabeba wawili hao kuwapeleka zahanati ya Mnero. Mtoto akafia njiani, hawajafika hata nusu. Ndugu akaendelea na mama mgongoni. Mzee akarudi na mtoto, akamzika peke yake kando ya wengine. Bi Somoe alipopata fahamu aliulizia mwanawe. Wakaogopa kwamba akijua alifia njiani bila yeye kumshika, na yeye atakwenda. Wakamwambia alifikishwa, akatibiwa, akashindwa, akazikwa pale Mnero kwenye makaburi ya Waislamu. Wakamwonesha kaburi la mtu mwingine.

Tangu hapo, kila mwaka baada ya mavuno, Bi Somoe alikuwa anakwenda Mnero kwa miguu, siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Anasafisha lile kaburi, anasoma dua, anarudi. Siku ile ndiyo alikuwa anatoka huko.

Ndiyo maana mzee alinyamaza kwenye kamati. Angetaja makaburi, yangehesabiwa, na la tisa lingejulikana.

Mimi nilitegemea kilio. Nilijiandaa.

Bi Somoe hakulia. Alikaa chini kwenye majivu, akaweka kiganja juu ya lile bonde. Halafu akamwuliza mumewe jambo moja. Alilisema kwa Kiswahili, sijui kwa nini, labda alitaka na sisi tusikie.

"Na chakula cha njiani ulikuwa unanifungia wewe. Kila mwaka. Ulikuwa unafunga unawaza nini?"

Mzee aliinama, akaanza kufagia majivu kando ya lile bonde kwa kiganja.

Bwana Mushi aligeuka akaangalia mbali. Nilimwona anafuta macho kwa ile mikono ya shati jeupe, likabaki na doa la majivu.

Tulimaliza kazi. Kabla ya kuondoka bosi akasema tupime tena mstari mzima, mashariki hadi magharibi. Tukapita kando ya mabonde, Saidi mbele. Nilikaa tena ubavuni kuangalia. Hakupinda. Kwenda na kurudi kipimo kikawa kimoja, na sauti ya kutwanga kule kijijini nilikuwa naisikia vizuri kabisa.

Naijua hoja mtakayoleta, maana nimejipa mwenyewe mara nyingi. Miguu huhisi ardhi iliyodidimia hata kama macho hayaoni. Labda. Lakini upinde wetu ulianza mbali, hatua nyingi kabla ya bonde la kwanza. Na fito za rangi hazina miguu. Bosi alimwona Saidi amenyooka kwenye fito. Hilo sijui. Niliahidi kusema sijui.

Tukiwa tunapakia vifaa, Bi Somoe alikuja kwenye gari. Akaniuliza mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa na kalamu, kama jina la mtoto litakuwamo kwenye ramani.

Ramani ya kijiji haiandikwi majina ya watu. Nikamwangalia bosi. Bosi akatikisa kichwa, haiwezekani.

Nikakata kipande cha ile karatasi yetu laini, nikakiweka juu ya boneti ya gari, nikafungua wino. Nikaandika ZUHURA kwa herufi za ramani, zilizosimama, kwa utulivu ambao sijawahi kuwa nao tena. Nikapuliza wino mpaka ukauke, nikampa. Hakujua kusoma. Alikiinua kwenye mwanga akakiangalia muda mrefu, akauliza jina linaanzia upande gani. Nikamwonesha Z. Akaigusa kwa kidole, akakifunga kwenye pindo la kanga.

Zahanati ilijengwa ng'ambo ya barabara. Bwana Mushi aliandika barua mwenyewe, akakubali kosa la kipimo, na kosa langu hakulitaja. Mwaka uliofuata nilipita kule kwa kazi nyingine, nikamwuliza Saidi habari zao. Akasema bado wanaishi nyumba moja. Akasema mama huwa anakwenda pale kiwanjani, na mzee anamfuata nyuma kwa mbali, bila kusemeshana. Zaidi ya hapo sikuuliza.

Wakuu, nimejifunza hivi.

Mistari isipokutana, usianze na kuilazimisha. Angalia origin, angalia angle, angalia scale, kama mlivyomwambia kijana. Ukishamaliza hayo yote na bado haikutani, inuka kwenye kiti uende ukaulize ardhi na watu wanaoishi juu yake. Kuficha kosa kwenye mchoro ni rahisi mno, na anayelipia ni mtu ambaye hutamwona.

Mimi niliificha ile nusu kwa kalamu. Mzee Chinguile aliificha yake kwa kufunga chakula cha njiani. Sikumhukumu siku ile na leo simhukumu.

Haya, uwanja ni wenu. Wapima ardhi, mafundi ujenzi, wachoraji wa zamani na wa kompyuta, nani amewahi kukutana na kiwanja kinachokataa vipimo? Na wenyeji wa kusini, hasa Wamwera, kama mnajua wazee wanasemaje kuhusu miguu kupinda, niambieni tafadhali. Saidi nilimwuliza mara mbili. Mara zote mbili alibadilisha mazungumzo.